Risasi za Nasoro Hazikulowa

Mwezi uliopita nilikwenda mtaa wa Buxton kutengenezewa kiti changu cha chuma, mguu umelegea. Pana karakana pale ya vijana waliosomea ufundi, watu wazuri, wana adabu, ukifika wakwambia shikamoo mzee hata kama mvi zako hazijatimia. Siku hiyo palikuwa na gari limekataa kuwaka. Kijana mmoja, ambaye jina lake silitaji kwa kuwa hana kosa, alijaribu kuliwasha mara tatu; gari likakohoa, likanyamaza. Akalipiga kofi bodini, akasema, "Risasi za Nasoro hizi."

Wenziwe wakacheka. Na mimi nikacheka.

Nilipokwisha kucheka nikamwuliza, "Mwanangu, huyo Nasoro ni nani?"

"Ah, mzee, ni msemo tu. Zamani alikuwako mtu wa mashambani, kazi yake kumbebea Mzungu risasi. Akazilowesha kwenye mtaro, akaja akauawa na nguruwe. Mjinga mmoja hivi."

Nikamwambia ahsante, nikachukua kiti changu, nikatoka. Sikufika mbali. Niliketi juu ya kiti kilekile, kando ya njia, mpaka moyo ukatulia. Kile kicheko ndicho kinachonifanya niandike. Msitarajie lugha ya vitabu. Nilihitimu chuo cha Kurani, na shule nikaishia darasa la nne. Baada ya hapo nilisoma chuma.

Mimi ni Athumani, fundi wa bunduki wa zamani. Sijafika umri wa kuitwa babu, lakini kazi yangu imekufa kabla yangu: serikali ilipofunga uwindaji, maduka yetu yalifungwa, na fundi asiye na bunduki ya kutengeneza ni mtu mwenye tupa mfukoni tu. Nyonga yangu ya kushoto haikunjiki vizuri. Mtajua kwa nini.

Duka lilikuwa kisiwani, Mji wa Kale, kwenye njia nyembamba inayoteremkia bandari ya zamani. Mbele paliuzwa makufuli, ndoana na misumari. Nyuma, penye joto na harufu ya mafuta, palikuwa na meza ya kazi, jiliwa mbili za kubania chuma, na Mzee Murad. Huyu alikuwa Mbaluchi wa Makadara, mtu mfupi, ndevu kazipaka hina. Ndiye aliyenifunza. Mwenye duka alikuwa Bwana Tayabali, na jina lake nalitaja makusudi. Kwa miaka mingi nilikuwa nikisema "mwenye duka" kwa kumwonea haya. Sasa basi.

Mzee Murad hakuwa mtu wa kufoka. Mwaka wangu wa kwanza mafuta ya bunduki yalikwisha, nami kwa werevu wangu nikapaka mafuta ya nazi kwenye bunduki ya Mwarabu mmoja wa Malindi. Wiki ya pili yule Mwarabu akarudi, komeo limeganda, sisimizi wamejaa kwenye mtutu. Akasema, "Bunduki yangu yanuka wali." Mzee Murad akainusa, akanigeukia taratibu, akasema, "Athumani, umesahau kutia chumvi." Basi. Nikaifungua yote, nikaiosha kipande kwa kipande, na tangu siku hiyo sikukosea mafuta tena.

Lakini kwa jambo moja hakuwa na mzaha, nalo ni zile kumi. Kila bunduki iliyotengenezwa dukani kwetu ilijaribiwa risasi kumi, mfululizo, bila kupitisha mdeki wala kitambaa ndani ya mtutu. Bunduki safi yasema uongo, alikuwa akituambia. Ipige mpaka ichafuke, hapo ndipo itakapokwambia ugonjwa wake. Yale maganda matupu kumi yakatiwa katika kijifuko cha marekani alichoshona mkewe, yakafungwa kwa uzi, na mteja akakabidhiwa pamoja na bunduki. Wateja waliyajua. Kuna waliofungua uzi palepale dukani wakahesabu. Wazungu wa mashamba walisema "kumi za Murad," nao walikuwa wakizitundika ukutani kama hirizi.

Sasa niwaeleze jambo lenyewe la kifundi, polepole, kwa kuwa hata nyinyi wa magari mtaliona linafanana na mambo yenu.

Bunduki ya komeo la kuvuta kwa mkono, ukikata mtutu wake, hasara si kubwa. Itapiga kelele zaidi, moto utaonekana mdomoni, shabaha ya mbali itapungua. Ganda hutolewa na mkono wa mwenyewe, na mkono haujui mtutu una urefu gani. Bunduki inayojikoki yenyewe ni mnyama mwingine. Hiyo hula pumzi yake. Risasi inapokimbia ndani ya mtutu, nyuma yake upo moshi wa baruti wenye nguvu nyingi, na risasi ndiyo kizibo. Karibu na mbele pana kitundu kidogo. Risasi ikishakipita, moshi kiasi huingia humo, ukasukuma pistoni, pistoni ikasukuma komeo nyuma, komeo likatupa ganda na kurudi na risasi mpya. Yote hayo ni kwa kupepesa jicho. Lakini ule moshi una nguvu maadamu kizibo kingali ndani. Kikitoka mdomoni, nguvu yote yamwagika nje. Kwa hivyo kile kipande cha mtutu kilicho mbele ya kitundu, ambacho mtu akikitazama aona ni urembo, ndicho muda ambao moshi hupata wa kufanya kazi. Ukikikata, umekata muda.

Mzee Murad alinifunza hayo kwa mlango wa duka, ule mlango mzito wa mbao wa kale. Aliniambia niusukume kwa kiganja mpaka ugonge ukuta. Nikausukuma, ukagonga. Kisha akaniambia niusukume kwa nguvu zilezile, ila mkono niuondoe nikisha kusema moja. Mlango ukaenda nusu, ukarudi, ukanibana kidole.

"Haya," akasema, huku mimi nanyonya kidole. "Hicho kidole ndiyo risasi inayofuata."

Nilielewa. Nataka mlijue hilo kabla ya mengine. Sikukata ule mtutu kwa kutojua.

Miaka miwili mitatu baada ya uhuru, akaja dukani Bwana Kirby, meneja wa shamba la miwa ng'ambo ya Likoni. Alikuwa na bunduki ya kujikoki, ya wakati wa vita, ndefu. Alikuwa na kibali cha kupiga nguruwe mwitu wanaoharibu miwa, na ndani ya miwa, alisema, mtutu ule wamsumbua, wakamata majani, hauingii vizuri kwenye Landrova. Akachora mstari kwa chaki.

"Mimi nataka fupi. Kata hapa."

Mzee Murad akautazama mstari, akafuta ile chaki kwa kidole gumba. "Hii haikatwi, bwana. Ukikata, italisha mara mbili, mara ya tatu itakwama. Nunua nyingine fupi, iliyozaliwa fupi."

"Fundi wako amezeeka, Tayabali," akasema Bwana Kirby, akaichukua bunduki yake akaenda. Bwana Tayabali alimsindikiza mpaka mlangoni. Wakazungumza huko nje.

Ikaingia Ramadhani. Kila mwaka, kumi la mwisho, Mzee Murad alikuwa akikaa itikafu msikitini. Hatoki mpaka mwezi wa Idi uonekane. Asubuhi ya pili tu tangu aingie, Bwana Tayabali akaja nyuma ya duka na gunia. Ndani ya gunia mna ile bunduki.

"Athumani, wewe utakuwa fundi mdogo mpaka lini?"

Nikaendelea kupiga tupa.

"Bwana Kirby ataka kazi yake kabla ya Idi. Nimemwambia ninaye fundi kijana, mkono wake mwepesi kuliko wa mzee."

"Mzee amekataa, bwana."

"Mzee yuko msikitini, amwomba Mungu. Mimi nakuomba wewe."

Ni maneno hayo tu. Hakunitisha, hakuniahidi kitu. Alinisifu, na mimi nikawa kama mwanamwali anayeambiwa ana macho mazuri. Nilikuwa na miaka thelathini na kitu, nina mke, na bado niliitwa "yule wa Murad."

Nikaukata. Na niseme kweli, niliukata vizuri. Mpaka leo sijaona mdomo wa mtutu uliokatwa kwa mkono ukatoka mzuri kama ule: mduara mtimilifu, ukingo laini kama wa kikombe cha kahawa. Kile kinundu cha kulengea nikakihamisha, nikakikaza. Niliuzungusha ule mtutu kwenye mwanga wa dirisha nikajiambia, mzee akiuona huu atanyamaza. Nyinyi mnaopenda kung'arisha, mtanielewa. Yapo makosa ambayo hung'aa.

Kujaribu tulikuwa tukienda bara, ng'ambo ya Makupa, kwenye machimbo ya mawe, na barua ya ruhusa ya polisi mfukoni. Nikafunga bunduki katika gunia nyuma ya baiskeli, nikachukua risasi kumi. Ilikuwa alasiri, midomo imekauka kwa saumu. Nikapiga ya kwanza: ganda likaruka. Ya pili: likaruka, ila nikaliona limeanguka karibu na mguu wangu, si mbali kama inavyopasa. Ya tatu: nikasikia komeo limerudi na sauti mbaya, kama mtu anayetafuna mchanga. Nikatazama. Ganda limesimama katikati, nusu nje nusu ndani, komeo limelibana mdomo.

Nililitoa kwa ukucha. Nikaketi juu ya jiwe.

Nilijua ni nini. Lakini nikajiambia: bega limelegea kwa saumu, bunduki haikupata pa kuegemea. Nikajiambia: labda risasi hii moja ni mbovu. Kisha nikalitazama jua, na pale Makupa malori yamepanga foleni kuingia kisiwani, na mke wangu ananingoja na tambi na uji wa pilipili manga, na futari haingoji. Risasi saba zilizobaki nikazirudisha mfukoni. Ningepiga hizo saba, zingesema wazi, na mimi sikutaka kusikia.

Nikafika dukani magharibi haijaadhiniwa. Chini ya meza palikuwa na kopo la maganda ya zamani, ya kipimo kilekile, yaliyotoka kwenye bunduki ya komeo ya askari mmoja wa forodha. Nikahesabu saba. Lile lililobanwa mdomo nikalinyoosha kwa koleo, nikalizungusha juu ya msumari mpaka likapata mduara. Matatu na saba, kumi. Nikayatia kwenye kijifuko cha marekani, nikafunga uzi kama afungavyo Mzee Murad, mafundo mawili, mkia mrefu.

Siku ya pili Bwana Kirby akaja, akakata uzi, akahesabu kwa sauti mpaka kumi. "Umeona, Tayabali? Mimi nilisema." Akanipa mkono. Akasema baada ya Idi nije shamba nione kazi yangu. Nikasema naam bwana, nitafurahi.

Nikaenda. Nilijiambia naenda kuiangalia bunduki, ikionyesha dalili nitaichukua niirudishe dukani. Kwa kweli nilikwenda ili nisifiwe.

Huko nikakutana na Nasoro Mwadzaya.

Alikuwa Mdigo wa palepale, mtu wa miaka arubaini hivi, mrefu, mwenye mwanya, kazi yake kufuata nyayo na kubeba risasi. Nguruwe aliwajua kuliko Bwana Kirby alivyowajua wafanyakazi wake. Nikamtania, "Wewe Mwislamu, kazi yako nguruwe?"

"Akifa simgusi," akasema. "Lakini akiwa hai ni jirani yangu, lazima nijue alikolala."

Akaitazama bunduki, mdomo wake unaong'aa, akanitazama mimi. "Fundi, kumbe mmeitahiri."

"Naam."

"Haikulia?"

Nikacheka. Alinipenda, nami nilimpenda, kwa nusu siku tu tuliyojuana.

Risasi alizibeba hivi, na hapa nisomeni vizuri: zimefungwa kwenye kitambaa kikavu, kitambaa kimetiwa kwenye mkoba wa ngozi, mkoba umefungwa juu, chini ya kidevu chake. Tulipovuka mtaro wa kumwagilia miwa, maji ya kiunoni, aliufungua ule mkoba shingoni akauweka juu ya kichwa chake, akaushika kwa mikono miwili, akavuka kama mwanamke aliyebeba mtungi. Mimi nilikuwa nyuma yake. Maji hayakuukaribia.

Asubuhi ile, pembeni ya miwa, dume akatoka. Bwana Kirby akapiga, akampata bega. Akapiga ya pili, akampata tena, lakini si mahali pa kuua. Ya tatu haikuwako. Nikaisikia ile sauti, ya mchanga kwenye meno. Ganda limesimama palepale, kama lilivyosimama machimboni. Bwana Kirby akavuta, akavuta, akalaani, kisha akatupa bunduki chini akarudi nyuma mbio kuelekea Landrova. Nguruwe akanijia mimi, na mimi nimesimama kama nguzo. Nilikuwa naitazama bunduki. Mpaka leo sijui kwa nini, mauti yanakuja na mimi naitazama bunduki.

Nasoro akanisukuma kifuani kwa kiganja. Nikaanguka ndani ya mtaro mwingine, mkavu, uliokuwa pembeni, nyonga ikagonga jiwe. Alikuwa na panga. Alimpiga nguruwe, na nguruwe akamkata paja, juu, pale penye mshipa. Nguruwe alifia hatua chache mbele. Nasoro akaketi chini taratibu kama mtu aliyechoka.

Nikajivuta mpaka kwake. Nikamfunga kilemba changu, damu haikusikia. Akaiona bunduki majanini, ganda limeinua kichwa.

"Ilikwama?"

"Ilikwama."

"Risasi zangu zilikuwa kavu, sivyo, fundi?"

"Kavu, ndugu yangu. Kavu kabisa."

Akatikisa kichwa kukubali. Alitamka shahada. Landrova iliporudi, alikuwa amekwisha kukata roho.

Nililala hospitali majuma mengi. Aliyekuja kwanza ni Bwana Tayabali, na machungwa kwenye kikapu. Akaketi, akamenya moja, akanipa kipande.

"Athumani, hebu fikiri kama mtu mzima. Bunduki ikiwa na kosa, duka lafungwa, Murad azeeka bila kazi, wewe waenda jela. Risasi zikiwa na kosa, nani aenda jela? Mwenye kosa ameshakwenda zake."

"Alizibeba kichwani, bwana. Hazikulowa."

"Bwana Kirby ameshaandika zililowa. Wavuka mtaro, risasi zalowa, nani atashangaa? Kula chungwa."

Nikala chungwa. Alasiri akaja inspekta, kijana, kofia mkononi, mpole. Akaniuliza kama nilimwona marehemu akivuka mtaro na risasi. Nikasema naam. Akaniuliza kama zililowa. Nikasema naam, zililowa. Akaandika. Akaniambia nipone haraka.

Siku ya tatu akaja Mzee Murad. Alikuwa na kile kijifuko. Bwana Kirby alikirudisha pamoja na bunduki. Akatandaza maganda juu ya shuka, pembeni ya mguu wangu, akayapanga mafungu mawili. Fungu la saba. Fungu la matatu.

"Haya saba yamegongwa kitakoni na pini nene," akasema. "Ya yule askari wa forodha. Naijua, niliichonga mimi. Haya matatu pini nyembamba." Akachukua moja katika yale matatu, akapitisha ukucha kwenye mdomo wa ganda, akarudisha ukucha, akapitisha tena. "Na hili umelinyoosha."

Akaliweka lile ganda juu ya shuka.

"Kwa hiyo uliona."

"Niliona, mzee."

"Inspekta amekuja?"

"Amekuja."

"Umemwambia nini?"

Nikageuza uso ukutani. Chokaa ya ukuta ule naijua kila ufa. Nikamsikia akiyakusanya. Yale saba aliyachukua. Yale matatu akayafunga kwa uzi, mafundo mawili, mkia mrefu, akayaweka chini ya mto wangu. Aliacha kazi kwa Bwana Tayabali mwezi uleule, akawa akitengeneza makufuli barazani kwake Makadara. Tukikutana alinipa salamu timilifu, wa rahmatullahi wa barakatuh, na baada yake hakusema neno jingine, mpaka alipozikwa. Ni bora angenitukana.

Mjane wake Nasoro, Mwanasiti, alikuja dukani alipomaliza eda. Alisimama mbele, penye makufuli, buibui lake limefifia. Bwana Tayabali akaniita, kisha akakumbuka ana kazi juu.

"Wewe ndiye fundi uliyekuwako?"

"Mimi."

"Watu wasema mengi. Kwetu waniita mke wa aliyeuawa na nguruwe. Ndugu wa mume wangu wasema alijiua kwa uzembe, na karibu amwue Mzungu. Mimi nimekuja kukuuliza wewe tu. Alilowesha risasi?"

Mkononi nina tupa. Nakumbuka nilikuwa naifuta, nami sikuwa nimeitumia.

"Ndivyo walivyoandika polisi," nikasema.

"Sikuuliza polisi."

Alingoja. Alingoja kwa muda mrefu kuliko anavyongoja mteja. Kisha akajitanda buibui lake akatoka.

Bwana Kirby alirudi kwao Ulaya. Bwana Tayabali alihamia ng'ambo na heshima zake zote, wanawe ni watu wakubwa huko. Haya ndiyo majina: Kirby aliyekimbia akaandika uongo, Tayabali aliyeutunga, na Athumani aliyeukata mtutu, akaficha ganda, akala chungwa, akausema. Wa mwisho ndiye mwenye kosa zaidi, kwa kuwa ndiye pekee aliyekuwa anajua yote. Na wafanyakazi wa shamba, na askari, na mafundi wenzangu, wakaanza kusema "risasi za Nasoro" kila kiberiti kikikataa kuwaka. Nimeusikia msemo huo dukani, sokoni, kilabuni. Sikumkanya mtu hata mmoja.

Mwanasiti alihamia kisiwani. Kwa miaka mingi auza mihogo ya kuchoma kule ufukoni ambako leo kwaitwa Mama Ngina, na kwa miaka hiyohiyo mimi siendi kupunga upepo huko. Nimewaambia watu nyonga yanikataza.

Jumapili baada ya siku ile ya Buxton, nilikwenda. Palikuwa na watu wengi, familia na familia. Nikamjua kwa mgongo. Alikuwa anapepea makaa. Nikaketi kwenye benchi lake. Akanikatia muhogo, akaupasua, akatia pilipili na ndimu, akaniwekea mbele bila kunitazama. Nikatoa yale maganda matatu nikayaweka kando ya sahani.

"Mimi ni Athumani, yule fundi."

"Nimekujua tangu ulipoteremka ngazi," akasema. "Wachechemea kama walivyosema."

Nikamwambia yote. Kukata, na saumu, na yale saba, na mkoba juu ya kichwa, na machungwa. Wateja walikuja, akawahudumia, akarudi kusikiliza. Nilipofika kwenye paja na damu, mkono wake wa kupepea ukasimama.

"Alisema neno?"

"Aliuliza kama risasi zake zilikuwa kavu."

"Nawe ukamjibu nini?"

"Nikamwambia kavu. Kavu kabisa."

Makaa yakaanza kuvaa majivu. Mtu akaomba muhogo wenye pilipili nyingi, hakumsikia.

"Basi alikufa ajua," akasema.

"Naam."

"Mimi miaka yote hii nilikuwa nikimwona amelala pale ajilaumu." Akayachukua maganda, akayatazama, akanirudishia kiganjani, mkono wake moto kwa makaa. "Polisi ungewaachia uongo wao, na yule Mhindi wako mwenye duka, wake. Lakini hilo moja, siku ile dukani, ungenipa. Lilikuwa langu."

Nikayarudisha maganda mfukoni. Akageuza mihogo yake. Baadaye akaniambia, "Kula, muhogo wapoa," nami nikala, na alipokuwa anamhudumia mwingine nikaondoka.

Hakuniambia niandike. Nimeandika kwa kuwa waliousikia uongo ni wengi, na miguu yangu haitawafikia wote.

Vijana wa Buxton, jana nilipita tena, hamkuwapo, mlikwenda kula. Nimewaachia kifurushi juu ya meza, karibu na jiliwa, kimefungwa kwa uzi. Ndani mna maganda matatu. Mawili ni mazima. La tatu laonekana zima. Gari likikataa kuwaka, semeni risasi za Athumani, nitaitika. Na lile la tatu, kila mwenye mkono mwepesi katika nyinyi alichukue, apitishe ukucha kwenye mdomo wa ganda, taratibu, mara mbili.

Mtalisikia.